Tundu, Mkato na Kinga: Uhakiki wa Tafsiri ya Sentensi Moja

Makala haya yanakusudia kuhakiki sentensi moja tu. Imetolewa katika karatasi ya maelezo iliyofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wagonjwa wanaotarajia kupasuliwa nyongo, nayo ilitufikia kwa mkono wa mwalimu mmoja wa Masasi aliyetaka kujua kama Kiswahili chake ni sanifu. Hatutamtaja mfasiri wala ofisi iliyoitoa, kwa kuwa haja yetu si kumwaibisha mtu. Sentensi yenyewe yasema hivi: "Upasuaji wa wazi wa nyongo hupunguza kinga ya mwili, lakini upasuaji wa tundu la ufunguo haupunguzi kinga."

Tulimjibu mwalimu yule kwamba sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro. Upatanisho wa ngeli umekaa sawa, maneno yote yamo katika kamusi, wala hakuna tahajia iliyokosewa. Lau kazi yetu ingekuwa kusahihisha daftari la mwanafunzi, tungetia alama ya vema tukapita. Lakini baadaye tuliisikia sentensi hiyohiyo ikisomwa Newala, mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akimwuguza binti yake, na hapo ndipo tulipotambua uzito wake. Muuguzi aliisoma polepole. Bibi akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Mwanangu, kumbe huku kupasuliwa ndiko kunakoleta ule ugonjwa?" Muuguzi akasema, "La, bibi, sivyo." Bibi akasema, "Basi mbona karatasi yenu yasema kinga inapungua?" Muuguzi akaikunja karatasi akaanza kueleza upya kwa maneno yake mwenyewe, na maelezo hayo yakachukua muda mrefu kuliko karatasi nzima.

Hili si jambo dogo. Vyombo vya kupasulia tumbo kwa matundu hupatikana katika hospitali kubwa, kama vile Muhimbili ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi. Katika hospitali za wilaya upasuaji wa tumbo kwa kawaida hufanywa kwa kisu na mkato. Toka Newala hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Mgonjwa aliyesadiki kwamba mkato anaoweza kuupata karibu na kwao utamnyang'anya kinga, na kwamba tundu lililoko mbali halimpunguzii kitu, atafanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeifanya: atarudi nyumbani, atasubiri msimu wa korosho apate nauli, na huku mfuko wa nyongo wenye mawe na usaha haumsubiri. Mfuko wa namna hiyo waweza kuoza na kutoboka. Kwa hiyo sentensi ambayo sarufi yake ni safi yaweza kumgharimu mtu maisha yake, na sababu yake isionekane katika cheti chochote.

Tuanze na neno ambalo hakuna aliyelitilia shaka, yaani nyongo. Katika Kiswahili, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, nyongo ni yale majimaji machungu, na tena ni kile kifuko kinachoyahifadhi. Mpishi anayemchinja kuku humwonya mwenzake asiitumbue nyongo, na wote wawili wanaelewa kwamba kinachotumbuliwa ni kifuko na kinachoharibu mboga ni majimaji. Katika matumizi ya jikoni utata huo haumdhuru mtu. Hospitalini unadhuru. "Kutolewa nyongo" humfanya mgonjwa adhani kwamba ataishi bila ya nyongo kabisa, na wako waliotuuliza kama mtu wa namna hiyo ataweza tena kula nyama au hata kukasirika, maana Kiswahili kimeifanya nyongo kuwa makao ya uchungu wa moyo. Twasema mtu ametema nyongo alipotoa yaliyomkera. Ukweli ni kwamba nyongo hutengenezwa na ini, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku, na kile kifuko huhifadhi sehemu ndogo tu, mililita 30 hadi 50 hivi. Kikiondolewa, ini huendelea na kazi yake na nyongo hutiririka moja kwa moja hadi utumboni. Basi kinachopasuliwa ni mfuko wa nyongo, nasi twashauri neno "mfuko" lisiachwe kamwe katika maandishi ya hospitali. Wako wanaopenda "kibofu cha nyongo." Hatukipingi kama istilahi ya darasani, lakini kwa mkulima wa Kitangari kibofu ni kimoja tu, nacho ni cha mkojo.

Tukija kwenye "tundu la ufunguo," hapa mfasiri amechukua picha ya Waingereza akaivika kanzu ya Kiswahili. Waingereza huuita upasuaji huo kwa jina la tundu la ufunguo kwa sababu kwao tundu hilo ni mfano wa nafasi ndogo kabisa ambayo jicho laweza kuona chumba kizima kupitia kwayo. Kwetu tundu la ufunguo ni mahali pa kuchungulia mambo ya watu, jambo la aibu. Na katika nyumba nyingi za uwanda wa Makonde mlango hufungwa kwa komeo au kwa kufuli la kuning'inia, wala hakuna chumba kinachoonekana kupitia humo. Picha haikusafiri. Wengine wamesema "upasuaji wa darubini," na wengine "wa hadubini." Darubini ni chombo cha kuonea vilivyo mbali, hadubini ni cha kuonea vilivyo vidogo mno, kile kinachoingizwa tumboni ni mrija wenye taa na kamera, na daktari hutazama kioo kama mtu atazamavyo televisheni. Neno la kutoholewa, laparoskopia, lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kutazama ndani ya ubavu. Linafaa katika vitabu vya madaktari. Magazeti yetu, bila ya kungoja kamati yoyote, yamekwisha kuandika "upasuaji wa matundu madogo," nasi twaona magazeti yamefanya vyema. Matundu yenyewe kwa kawaida ni manne, kila moja la milimita 5 hadi 10, na tumbo hujazwa hewa ya ukaa ili ukuta wake uinuke na daktari apate nafasi.

"Upasuaji wa wazi" ndio unaotusumbua zaidi. Wazi kwa Kiswahili ni kinyume cha kufungwa, na tena ni kinyume cha kusitirika. Mlango uko wazi. Mkutano ni wa wazi. Kidonda kiko wazi. Mtu aliyeambiwa atafanyiwa upasuaji wa wazi ana haki ya kuelewa kwamba jeraha litaachwa bila ya kushonwa, au kwamba atalazwa mbele ya kadamnasi. Hakuna hata moja kati ya hayo. Daktari hukata ngozi na misuli chini ya mbavu za kulia, huondoa mfuko, kisha hushona. Carl Langenbuch alifanya hivyo kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882, na kwa zaidi ya miaka 100 hakukuwa na haja ya kuuita upasuaji huo jina la pekee, kwa kuwa haukuwapo mwingine. Ni mwaka 1985 ndipo Erich Mühe wa Böblingen, Ujerumani, alipoondoa mfuko wa nyongo kwa matundu, na mara njia ya zamani ikahitaji jina la kuipambanua. Waingereza wakaiita ya wazi. Sisi hatulazimiki kuwafuata.

Pendekezo la kwanza lililotujia lilikuwa "upasuaji wa mkato." Tukalijaribu kwa wasikilizaji, likaanguka papo hapo: njia ya mkato ni njia ya haraka ya kukwepa safari ndefu, na anayejibu kwa mkato hana adabu. Upasuaji wa mkato ungesikika kama upasuaji wa kulipua. Lakini neno hilohilo likipewa kivumishi hutulia: mkato mrefu, mkato mfupi. Na hapo tukagundua kwamba kivumishi hakiokoi lugha peke yake, bali kinaiokoa hata sayansi. Maana wako madaktari wanaoondoa mfuko wa nyongo kwa mkato usiofika sentimita 8, bila ya kamera wala hewa ya ukaa. Mapitio ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2006 yaliulinganisha mkato huo mfupi na njia ya matundu, na hayakuona tofauti ya maana katika vifo, katika madhara, wala katika siku za kulazwa. Kwa lugha ya "wazi" na "tundu," mgonjwa wa mkato mfupi amewekwa katika kapu moja na mgonjwa wa mkato mrefu, ilhali mwili wake umejeruhiwa kidogo zaidi. Jina linalotaja jeraha linamweka mahali pake.

Sasa tufike kwenye kinga, ambako ndiko sentensi ilikomwumiza yule bibi.

Kinga ni nomino ya kitenzi kukinga. Twakinga mvua, twakinga jua kwa mkono, na huko Newala watu hukinga maji ya mvua kutoka paani na kuyaweka katika matangi, kwa kuwa uwanda ule hauna mto wala kisima cha karibu. Mabomba ya mradi wa maji yalipokuwa hayajafika, wanawake walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi vichwani. Kinga ni pia dawa ya mganga, hirizi au chale zilizopakwa unga, zinazomzuia adui asimdhuru mtu au shamba lake. Kisha ikaja tiba ya kisasa ikalikuta neno limekwisha kuwa tayari, ikalitwaa. Chanjo, ambayo kila mzazi wa Tanzania anaijua, imetokana na kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo kwa wembe. Tazama basi jinsi lugha ilivyojenga: kwa mzee wa uwanda wa Makonde, aliyechanjwa na mganga utotoni na kuchanjwa na serikali alipokwenda shule, kukata mwili ni njia mojawapo ya kutia kinga. Karatasi inamwambia kwamba kukata huondoa kinga. Haisemi kwa nini mkato huu uwe kinyume cha mingine yote.

Zaidi ya hayo kuna UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka michache jina hilo, Upungufu wa Kinga Mwilini, likaenea katika kila zahanati, shule na redio. Ilikuwa kazi nzuri ya uundaji wa istilahi, pengine iliyo bora kuliko zote zilizofanywa katika lugha yetu kwa upande wa afya, kwa kuwa jina lilibeba maelezo yake lenyewe. Lakini istilahi iliyofanikiwa sana ina tabia ya kumiliki maneno yake. Tangu wakati ule, "kinga" na "kupungua" zikikaa pamoja katika sentensi moja ya hospitali, msikilizaji hasikii kitu kingine. Mfasiri wa karatasi yetu aliandika maneno mawili ya kawaida. Bibi wa Newala alisikia jina la ugonjwa, na alisikia sawasawa. Kosa ni la aliyeandika.

Nini hasa wanachosema wataalamu? Hapa yatupasa kuingia kidogo katika elimu yao, kwa maana haiwezekani kuhakiki tafsiri bila ya kujua kinachofasiriwa.

Kila jeraha, liwe la jembe au la kisu cha daktari, huuamsha mwili. Chembe zilizo mahali palipojeruhiwa hutoa viashiria vya kikemikali viitwavyo saitokini, ambavyo ni kama yowe la usiku kijijini: wote wanaosikia hutoka. Kimojawapo, intalukini-6, hupanda katika damu baada ya saa chache. Ini huitika kwa kutengeneza protini ambayo maabara huiandika kwa herufi CRP, nayo hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Mahali penyewe pa jeraha huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Kwa hali hiyo wako waliotumia "uvimbe," neno ambalo wodini lina maana pia ya nundu na hata ya saratani. Sisi twapendelea mchochota, linalotokana na kuchochota, yaani kuwasha na kuuma kama kidonda kilichoingia chumvi. Mchochota ni kazi ya kinga. Hivyo basi jambo la kwanza ambalo upasuaji hulifanyia kinga ni kuiamsha, na sentensi yetu imekwisha kukosea kabla haijafika nukta.

Jambo la pili huja nyuma ya la kwanza. Wakati upande mmoja wa kinga umepamba moto, upande mwingine hupoa kwa muda: baadhi ya chembe nyeupe hupunguza alama zinazozitumia kutambulishana adui, na kipimo cha ngozi, mfano wa kile kinachotumiwa kupimia kifua kikuu, huitika kwa unyonge. Wale waliopitia mgambo watalielewa jambo hili upesi. Yowe likiwa kubwa mno, kijiji kizima hukimbilia nyumba moja na mipaka ikabaki bila mlinzi mpaka kutulie. Watu wa kandokando ya Ruvuma, walioishi na vita vya ukombozi wa Msumbiji ng'ambo ya mto kutoka 1964 hadi 1974, hawahitaji kufafanuliwa maana ya mpaka usio na mlinzi. Hali hiyo kwa mgonjwa wa kawaida hudumu siku chache, aghalabu haizidi juma moja hivi, kisha walinzi hurudi.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wataalamu wa Ulaya, Marekani na Asia wamewapima wagonjwa wa njia mbili hizo na kuwalinganisha. Kwa jumla, baada ya mkato mrefu intalukini-6 na CRP hupanda zaidi kuliko baada ya matundu, na kule kupoa kwa chembe huwa kukubwa zaidi. Jeraha la ngozi na misuli likiwa dogo, yowe nalo huwa dogo. Majeraha ya matundu pia hupata usaha kwa nadra zaidi. Lakini si kila kipimo kilichofuata mkondo huo. Kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa unaposhtuka, hupanda karibu sawa katika njia zote mbili, kwa kuwa tumboni kazi iliyofanyika ni ileile. Na ile hewa ya ukaa, ilipojaribiwa katika maabara, ilionekana kuzizubaisha kwa muda chembe kubwa zinazolinda utando wa tumbo. Kwa hiyo hata matundu yana athari yake katika kinga.

Turudi sasa kwenye sentensi. Asili ya Kiingereza, kwa kadiri inavyoweza kukisiwa kutokana na tafsiri, ilikuwa na ulinganisho: njia moja huathiri kinga kuliko nyingine. Katika safari ya kuvuka lugha "kuliko" ikadondoka njiani, na badala yake ikaja "lakini" pamoja na ukanushi. "Hii zaidi, ile kidogo" ikawa "hii ndiyo, ile siyo." Kosa hili tumelikuta mara nyingi katika tafsiri za serikali, hata zile za kilimo na kodi, na hatuamini kwamba sababu yake ni uzembe. Kiswahili hakina kivumishi chenye kubadili umbo ili kuonyesha kadiri. Hutegemea maneno yasimamayo peke yake, zaidi, kuliko, kushinda, kuzidi. Maneno hayo ni rahisi kukatwa mhariri anapotaka kufupisha. Mfasiri wa mambo ya tiba ayachunge kama muuguzi anavyochunga nukta ya desimali katika kipimo cha dawa.

Tena kuna "hupunguza" na kiambishi chake hu-. Wakati huo wa mazoea hausemi mwisho. "Maji hupungua katika tangi" ni sentensi ambayo mtu wa Newala anaijua vizuri. Huyamalizia mwenyewe: na hayarudi mpaka mvua nyingine. Mpwani angeweza kufarijika, kwa kuwa kwake maji hupwa na kujaa kila siku, na tuliwahi kushawishika kupendekeza "kupwa kwa kinga," picha nzuri iliyobeba marejeo ndani yake. Tuliiacha. Kiswahili sanifu kimechukua mengi kutoka pwani na kitaendelea kuchukua, ila karatasi ya wodi inasomwa na watu ambao wengine hawajapata kuona bahari, na kwao picha hiyo ingekuwa tundu la ufunguo la pili.

Baada ya kujadiliana, tumeonelea kitenzi "kulegea" ndicho kinachofaa zaidi. Kamba hulegea ikakazwa. Ulinzi hulegea ukaimarishwa. Mwenye kulegea hajaisha. Kitenzi hicho hakijamilikiwa na ugonjwa wowote. Wenzetu wawili katika kikao walipigania "kufifia," wakikumbusha kwamba katika maana nyingine ya zamani kinga ni ukuni ulioshika moto, nao hufifia na kupulizwa ukawaka tena. Hoja hiyo ni ya kupendeza, lakini mgonjwa hachungui asili ya maneno.

Kutenganisha "upungufu" na "kulegea" kuna faida nyingine ambayo hatukuitazamia. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani. Jina hilo, seli na mundu, ni mfano wa kuigwa: mkulima aliyeshika mundu huuona ugonjwa mara moja. Watoto hao hupata mawe katika mfuko wa nyongo wakiwa bado wadogo, kwa sababu ya chembe nyekundu zinazovunjika upesi, na bandama zao huharibika mapema, hata kinga yao dhidi ya baadhi ya vijidudu ikawa na upungufu wa kweli na wa kudumu. Kwao daktari ana sababu ya kupima sana ni jeraha gani litakalowafaa. Atamwelezaje mzazi kwamba mtoto ana upungufu wa kinga usiotokana na UKIMWI, na kwamba juu ya upungufu huo upasuaji utaongeza kulegea kwa siku chache, ikiwa lugha aliyopewa ina neno moja tu kwa hali zote tatu?

Pengine mtu atauliza kwa nini tunahangaika na karatasi, na hali wagonjwa huambiwa mambo kwa mdomo. Jibu ni kwamba mdomo wa hospitali umekwisha kuzoea karatasi. Watu wa Masasi wamepasuliwa na madaktari tangu zamani. Leader Stirling alifika katika misheni ya Lulindi mwaka 1935 akafanya kazi ya upasuaji porini kwa miaka mingi, kabla ya kuwa Waziri wa Afya kutoka 1975 hadi 1980, na Wabenediktini wa Ndanda walikuwa na kituo chao tangu 1906. Maneno ya kazi hiyo yalizaliwa wodini, kwa mazungumzo: operesheni, mshono, ganzi, na lile neno la ajabu nusukaputi, ambalo nusu yake ya pili ni Kijerumani na maana yake ni mtu aliyekufa nusu. Hayakuwa maneno ya kamati, na mengine hayavutii, lakini mgonjwa na mganga waliyajua kwa maana moja. Siku hizi maneno hushuka kutoka juu yakiwa yamekwisha kupigwa chapa, na muuguzi huyasoma kama alivyoyakuta. Kama hayakupimwa huko yalikotoka, yatapimwa kitandani.

Tumeiandika upya sentensi, ikawa ndefu kuliko ya kwanza, na hatuombi radhi kwa urefu huo: "Mfuko wa nyongo waweza kuondolewa kwa mkato mrefu, kwa mkato mfupi, au kwa matundu madogo. Kila upasuaji huuamsha mwili upate kuliponya jeraha, na kwa siku chache kinga hulegea kidogo, kisha hurudi kama ilivyokuwa. Baada ya mkato mrefu kinga hulegea zaidi kuliko baada ya matundu. Kulegea huku si UKIMWI, wala hakuleti UKIMWI. Daktari akisema mfuko wako unahitaji kuondolewa upesi, usichelewe kwa ajili ya kutafuta njia nyingine."

Sentensi ya mwisho haikuwamo katika karatasi ya awali, na mfasiri mwangalifu atatuuliza tumepata wapi ruhusa ya kuiongeza. Hatukuipata. Tumeirudisha kwa yule mwalimu wa Masasi, tukamwomba aipeleke kwa daktari aidhinishe au aifute, maana kazi ya kuongeza habari ni ya daktari, si yetu. Neno "kulegea" nalo tunaliweka mbele ya wasomaji. Wauguzi na walimu wa Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu wanaombwa walisome kwa sauti mbele ya wazee wasiojua kusoma, kisha watuandikie walivyoulizwa.